Bati Halina Blanketi

Mwezi wa saba, Kinangop Kusini, saa kumi na moja alfajiri. Tone la maji baridi linakudondokea kwenye paji la uso. Halafu lingine, shingoni. Unafikiri ni mvua, unatega sikio: nje kimya kabisa, hata mbwa amechoka kubweka. Mvua hakuna. Ni bati la nyumba ya mama linalotoka jasho.

Si rahisi kumweleza jambo hili mtu aliyekulia Mombasa, au hata Pipeline, ambako bati kazi yake ni kukupika mchana. Huku juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, usiku usio na mawingu bati hutoa joto lake lote angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndani kuna watu watano wanapumua, sufuria ya chai, nguo zinazokaushwa kando ya jiko. Mvuke huo unapanda, unagusa chuma, unageuka maji. Kufikia alfajiri unanyeshewa ukiwa ndani ya nyumba yako.

Paa hilo limeingia kutu na lazima libadilishwe. Tangu mwezi wa nne, kundi la familia yetu kwenye WhatsApp limekuwa bunge. Kaka anataka vile vigae vya chuma vilivyopakwa chembechembe za mawe, kama vya Ruaka, ndiyo mtu akipita barabarani ajue kwetu kuna watoto wanaofanya kazi. Binamu yetu mmoja, ambaye siku hizi anaongea sana juu ya tabianchi, anasema turudie nyasi za mababu. Mama anataka bati, geji nzito, rangi ya kijani, na mjadala ufungwe. Mimi nilitumwa kutafuta bei. Nikaanza na bei kweli, halafu nikapotelea kwenye historia, manake kila mtu katika lile kundi alikuwa anatetea paa la zamani fulani bila kujua limetoka wapi.

Kinangop yenyewe imebadilisha paa mara nyingi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai. Nyumba ya Kimaasai, ambayo hujengwa na mwanamke, ni fupi, mlango wake una kona ili upepo usiingie moja kwa moja, na paa lake ni fito na nyasi zilizokandikwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Watalii huiinamia, wakapiga picha, wakatoka wakikohoa. Lakini ukishalala Kinangop mwezi wa saba huicheki tena. Ni nyumba iliyobuniwa na mtu aliyejua baridi ni nini: chumba kidogo, moto katikati, na juu yako kitu kizito kisichopitisha joto. Mkataba wa 1904 kati ya Waingereza na viongozi wa Wamaasai uliwaondoa watu hao kwenye Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia, kisha 1911 wakahamishwa tena kwenda kusini. Nyumba za udongo hazikuacha hata msingi.

Ng'ambo ya milima ya Nyandarua, kwa Wakikuyu, paa lilikuwa la nyasi. Jomo Kenyatta alieleza ujenzi huo kwenye kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938. Wanaume walikata miti na kusimamisha nyumba. Wanawake walikata nyasi na kuzibeba mgongoni, na wao ndio waliokandika ukuta. Nyumba ilitakiwa iishe na iingiwe siku hiyohiyo, moto uwashwe humo. Kwa hivyo ilikuwa kazi ya kijiji kizima, na mzigo mzito zaidi ulikuwa kwenye mgongo wa mama.

Nyasi hufanya kazi kwa sababu ndani yake kuna hewa. Paa la nyasi lenye unene wa mkono ni maelfu ya mirija midogo iliyonasa hewa isiyosogea, na hewa isiyosogea ni blanketi. Chuma, kwa unene uleule, hupitisha joto zaidi ya mara 500 kuliko nyasi zilizoezekwa vizuri. Halafu bati lenyewe halina huo unene: geji 30 ni nyembamba kuliko theluthi moja ya milimita. Hata moshi wa nyumba ya nyasi, ule uliotuharibia macho, ulikuwa na kazi yake. Ulipenya polepole kwenye nyasi ukizikausha na kuwafukuza wadudu.

Hapo ndipo binamu yangu hutuma alama ya makofi. Pole, bado sijamaliza.

Nyasi zinahitaji uwanja wa nyasi. Zinahitaji mgongo wa kuzibeba, na baada ya miaka michache mgongo huohuo uanze tena, kwa sababu paa limeoza, linavuja, lina panya. Na nyasi huwaka. Watu wa Mkoa wa Kati walijifunza hili vibaya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, na hasa kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni ilipoamua kuwakusanya watu kwenye vijiji vyenye ulinzi, nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Huko wakajenga upya, kwa haraka, kwa nyasi tena, na wengi waliojenga walikuwa wanawake kwa sababu wanaume walikuwa kizuizini, msituni au makaburini. Mtu aliyeona paa la mama yake likiteketea kwa dakika kumi hawezi kulizungumzia kama sisi tunavyolizungumzia.

Kwa wakati huo bati lilikuwa limeshazeeka duniani. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya gati za London, alipata hataza ya bati la mikunjo mwaka 1829. Mfaransa Stanislas Sorel akapata yake mwaka 1837 ya kuzamisha chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa ili lisishike kutu. Ukijua hilo, mengi yanaeleweka. Bati lilibuniwa kufunika mizigo bandarini, si watu waliolala. Sifa zake zilikuwa nyingine: jepesi, linapangwa moja juu ya jingine melini, na mikunjo inaipa karatasi nyembamba nguvu ya kujibeba. Himaya ililipenda kwa sababu hiyo. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ilipofika Nairobi 1899, mji uliochipuka pale ulikuwa wa bati na mbao, na reli hiyohiyo ikalipandisha bati hadi nyanda za juu, Limuru, Molo, Timboroa.

Lakini tazama walowezi waliolipokea huko kwenye baridi walilifanyia nini. Wengi hawakulala chini yake hivihivi. Ukibahatika kuona nyumba zao za zamani pande za Kinangop na Wanjohi, utakuta dari ya mbao ndani, na meko ya mawe yenye bomba. Wengine hawakutumia bati kabisa. Waliezeka kwa vigae vya mbao ya mtarakwa, ule mti wa harufu nzuri ambao pia ulikuwa unatengenezewa penseli. Mtarakwa hauozi upesi na mchwa haupendi. Paa lake hugeuka rangi ya majivu likadumu miaka na miaka. Kama mtu angeniuliza paa gani lilifaa zaidi hali ya hewa ya hapa, ningesema hilo, nikiwa na huzuni kidogo, kwa sababu msitu uliolitoa haupo tena wa kutosha. Mtarakwa hukua taratibu mno. Tukisema kila boma la Nyandarua liezekwe hivyo, mlima utabaki upara kabla hatujafika Ol Kalou.

Wafanyakazi wa mashamba hayo, lakini, walikuwa kwenye vibanda vya nyasi nyuma ya zizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba ya walowezi Kinangop yalianza kununuliwa na kugawanywa chini ya mpango wa ekari milioni moja. Familia zilipanda mlima kutoka Kiambu na Murang'a, nyingi hazina chochote isipokuwa watoto, jembe na deni la shamba. Shosho alikuwa kati yao. Baridi iliyowapokea hawakuwahi kuijua: asubuhi shamba limefunikwa sakitu, ile baridi nyeupe inayochoma majani ya viazi yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Walijenga kwa mabanzi ya mbao na udongo, wakaezeka nyasi. Na kila mwaka nyasi zilipungua, kwa sababu uwanja uliokuwa unazitoa sasa ulikuwa viazi, kabeji, pareto na ng'ombe wa maziwa. Kwa hivyo mimi sikubali kwamba tuliacha nyasi kwa sababu ya kuiga wazungu. Ardhi ilikatwa vipande, kila kipande kikalimwa, na paa la zamani likakosa mahali pa kumea.

Hapo wakatokea wanawake wa mabati. Hiki ndicho kipande cha historia ambacho ningetaka kifundishwe shuleni badala ya baadhi ya vitu tulivyokariri. Katika miaka ya 1960 na 1970, kote Mkoa wa Kati, wanawake waliunda vikundi ambavyo watu waliviita hivyo tu, vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa malipo, wakaweka pesa pamoja, na zilipofika kiasi wakanunua bati za mwenzao mmoja. Halafu wa pili. Halafu wa tatu, hadi zamu ikamalizika. Baada ya paa wengi waliendelea, wakanunuliana matangi ya maji, wakanunuliana ng'ombe wa gredi. Chama unachochangia leo kwa M-Pesa kila tarehe tano, kile mnachogombana nacho kwenye kundi, kimetoka kwa mama aliyekuwa anapalilia shamba la mtu ili rafiki yake asinyeshewe.

Shosho hakuwahi kulilia nyasi hata siku moja. Alikuwa akisema bati lilimpa vitu viwili: usingizi na maji. Usingizi, kwa sababu hakuogopa tena cheche ya moto. Maji, kwa sababu paa la nyasi hulipa maji ya rangi ya chai, lakini bati likiwekewa gata hukupa maji safi mlangoni. Hesabu yake ni rahisi kabisa: paa la mita mraba 100, ikinyesha milimita moja tu, ni lita 100. Mvua moja nzuri ya mwezi wa nne hujaza tangi ambalo zamani lingekuwa safari za mtoni za wiki nzima, na wewe unajua ni nani aliyekuwa anatumwa mtoni.

Kwa hivyo bati lilikuwa ushindi, na lazima tuliseme hivyo kabla ya kulilaumu. Shida ni kwamba pesa za kikundi zilitosha bati peke yake. Lile tabaka la hewa ambalo nyasi zilikuja nalo bure lilibaki kwenye jalala pamoja na nyasi. Na kwa kuwa silingi haionekani na anayepita barabarani, ilisukumwa mbele: tutaweka tukiuza viazi. Viazi vikauzwa, kukawa na karo. Nyumba ya mama iliezekwa mwaka niliozaliwa na mpaka leo ukilala chali unahesabu misumari.

Kuna nchi nyingine iliyopokea bati hilohilo la Waingereza kwenye baridi kali kuliko yetu, na ndiyo iliyonifanya nielewe. Iceland, kwa karne nyingi, watu waliishi kwenye nyumba za udongo wenye nyasi hai juu ya paa, kwa vile nchi yenyewe haikuwa na miti ya maana. Mwishoni mwa karne ya 19, biashara ya kondoo na Uingereza ilipokua, bati lilianza kufika kwa wingi. Wakalipenda mno, wakalivalisha hata kuta, na mitaa ya zamani ya Reykjavik mpaka leo ni nyumba za bati zilizopakwa rangi nyekundu, buluu, kijani. Wanaliita bárujárn, yaani chuma cha mawimbi. Tofauti ni moja tu. Wao waliligongomelea juu ya nyumba ya mbao. Bati likawa koti la mvua, na ndani kukawa na sweta. Sisi tulivaa koti la mvua juu ya ngozi.

Ile nchi ilipata bati kwa kondoo, na sisi Kinangop tuna kondoo na bati pia. Jirani yetu hukata sufu na kuitupa nyuma ya zizi kwa kukosa mnunuzi. Sufu ikioshwa vizuri na kutiwa dawa ya nondo ni kizuizi kizuri sana cha baridi, na kuna sehemu za Ulaya ambako huuzwa kama mablanketi ya kuweka juu ya dari. Nilipoliandika hili kwenye kundi, kaka alijibu kwa picha ya kondoo amevaa kofia ya ujenzi. Sawa.

Tulijaribu pia njia ya mkato, na haikuisha vizuri. Asbesto iliezekwa kwenye shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi wa serikali kwa miongo mingi. Ilipendwa kwa sababu mvua ikinyesha mwalimu aliendelea kufundisha, wakati darasa la bati husimama na watoto wakaanza kuimba. Haikutoa jasho sana. Lakini vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni na kuleta kansa miaka mingi baadaye, na kanuni za taka za mwaka 2006 zikaiweka kwenye orodha ya taka hatari. Kama una paa hilo nyumbani, usipande juu na msumeno wala usilivunje mwenyewe kwa ajili ya kuokoa pesa ya fundi.

Basi, bei. Vigae vya udongo, kama vile vya Mangalore vilivyokuja pwani kutoka India, ni vizuri na hudumu, lakini vina uzito wa kilo 30 hadi 45 kwa kila mita mraba, na bati la kawaida halifiki kilo tatu. Maana yake mbao za paa lazima ziwe nene na nyingi zaidi, na nyumba ya mama haikujengwa kubeba hiyo. Vile vya kaka vyenye chembechembe za mawe vinapunguza kelele ya mvua na kusema kweli vinapendeza. Ila ukivikwangua, chini ni chuma kilekile. Peke yake hakitamfanya mama aache kulala na soksi jozi mbili.

Halafu nikapiga hesabu ya binamu, ile ya mazingira, kwa sababu nilimwahidi. Paa la mita mraba 100 la bati jembamba ni kama robo tani ya chuma. Kutengeneza tani moja ya chuma hutoa takriban tani mbili za hewa ya ukaa, kwa hivyo paa letu ni kama nusu tani, mara moja, kwa miaka thelathini hivi, na mwisho wake chuma hicho kinayeyushwa tena. Si kidogo, lakini hebu weka kando yake kuni na makaa. Kila gathano, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, jiko la mama linawaka kutoka machweo hadi usiku wa manane, na karibu joto lote linapanda moja kwa moja likatokea kwenye bati. Tumekuwa tunapasha moto mawingu ya Kinangop tangu nizaliwe. Miti iliyokatwa kwa ajili hiyo haionekani kwenye risiti yoyote ya duka la ujenzi.

Kwa hivyo nikaandika kwenye kundi: bati jipya, la rangi, geji 28, mama ameshinda. Pesa ambazo zingeenda kwa chembechembe za mawe ziende ndani. Silingi ya mbao au ya jipsamu vyumba vyote vya kulala. Juu ya silingi, mablanketi ya pamba ya glasi, au sufu ya jirani kama kuna atakayekubali kuiosha. Chini ya hiyo pamba, upande wa chumba, karatasi nzito ya nailoni ili mvuke wa pumzi usipande. Kati ya pamba na bati iachwe nafasi, na matundu pembeni yenye wavu, hewa ipite, jasho likauke kabla halijadondoka. Maranda ya mbao ni ya bei nafuu na yalitumika zamani, lakini kwenye nyumba yenye nyaya za umeme za umri huu mimi siyataki.

Jikoni nilitaka silingi pia. Mama akapiga simu badala ya kuandika, manake kuandika humchosha.

"Jikoni uache," akasema. "Ukifunga huko juu moshi utatoka wapi? Kwanza weka bomba, halafu ndio uje na hiyo silingi yako."

Nikasema sawa. Hilo bomba sikuwa nimelipigia hesabu.

"Na hizo bati za zamani, mwambie fundi asiende nazo. Azing'oe polepole, misumari aitoe kwa mkono. Kuna sita au saba ambazo hazijaoza, zile za upande wa jua. Zitaezeka zizi la ndama."

Nikamuuliza kama anazikumbuka kweli, moja moja.

"Nitakosaje kuzikumbuka? Wewe ulikuwa mgongoni. Tulizibeba kutoka Engineer, tukiwa kumi na wawili, kila mtu mbili."